Kateta, Sondi na Damu ya Mgonjwa: Mhadhara kwa Watu wa Kasongo na Kabambare



Karibu kila familia ya Kasongo na Kabambare imekwisha kukiona kitu ninachokuja kukizungumzia. Ni mrija mfupi wa plastiki uliochomekwa kwenye mshipa wa mkono, ukashikizwa kwa plasta, ukaunganishwa na chupa ya serumu iliyotundikwa juu ya kitanda. Wauguzi wanauita kateta. Umeokoa watu wengi. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, mgonjwa wa kipindupindu asiyeweza tena kunywa: hao wanauhitaji, tena upesi. Lakini kupitia mrija huohuo bakteria huingia kwenye damu, na wakishaingia huua. Nimekuja kuwaambia kwamba silaha yetu kubwa dhidi ya jambo hilo, huku kusini mwa Maniema, haihitaji mashine wala dawa mpya. Ni kutouweka mrija pasipo haja, na kuutoa siku ileile kazi yake inapokwisha.

Tuanze na ngozi. Juu ya ngozi ya kila mmoja wetu aliyeketi hapa wanaishi bakteria wengi, na wengi wao hawana ubaya wakikaa mahali pao. Wapo Staphylococcus epidermidis, wanaoishi kwenye ngozi ya kila binadamu. Wapo ndugu zao Staphylococcus aureus, ambao takriban mtu mmoja kati ya watatu anao puani bila kujua. Ngozi nzima haiwapitishi. Sindano ikishaitoboa na mrija ukabaki pale, kuna njia kutoka nje hadi mshipani, na bakteria huifuata kwa nje ya plastiki, wakijipenyeza kati ya mrija na nyama.

Njia ya pili iko kwenye kiungio, pale mrija wa serumu unapokutana na kateta. Kila mara kinapofunguliwa ili kupitisha dawa au kubadilisha chupa, mkono wa muuguzi unakigusa. Mkono huo umetoka kitanda kingine. Ukiwa haukuoshwa, bakteria wa mgonjwa wa kwanza wanaingia ndani ya mrija wa mgonjwa wa pili, na tone linalofuata linawasukuma moja kwa moja hadi kwenye damu.

Njia ya tatu ni maji yenyewe. Chupa moja ya glukozi hufunguliwa, sindano inachomwa kwenye kizibo chake cha mpira, mtoto huyu anapewa kidogo, chupa inakaa dirishani hadi jioni, mtoto mwingine anapewa iliyobaki. Anayefanya hivyo anataka kuwapunguzia wazazi gharama, na nia yake naielewa. Lakini Klebsiella, Enterobacter na Serratia wana uwezo wa kuzaana ndani ya maji ya glukozi katika joto la kawaida la chumba, na maji yakabaki meupe, yasionyeshe ukungu wala harufu. Marekani, kati ya 1970 na 1971, vizibo vya chupa za serumu za kiwanda kimoja vilibeba bakteria wa namna hiyo, na wagonjwa wa hospitali nyingi katika majimbo mbalimbali wakaambukizwa damu kabla chanzo hakijajulikana. Ikiwa chupa iliyotoka kiwandani inaweza kufanya hivyo, ile iliyochomwa asubuhi na kukaa hadi usiku tuiogope zaidi.

Sasa tazameni mkono wa mgonjwa siku ya tatu. Plasta imelowa jasho, pembe zake zimenyanyuka na kushika vumbi. Chini yake kuna tone la damu iliyokauka. Ukibonyeza polepole juu ya mshipa, mgonjwa anakunja uso. Mshipa umekuwa mgumu kama kamba, na wekundu umepanda kidogo kuelekea kiwiko. Chupa ya mwisho iliisha jana mchana. Kateta imeachwa "kwa sababu huenda ikahitajika". Usiku mgonjwa anapata baridi kali, anatetemeka hadi kitanda kinatikisika, na asubuhi inaandikwa malaria.

Nawasihi wauguzi waiangalie sana homa ya namna hiyo. Mgonjwa aliyeingia na homa, homa ikashuka kwa dawa, kisha ikapanda upya siku ya tatu au ya nne akiwa kitandani, mkono wake ufunguliwe plasta na utazamwe kabla ya kuandikiwa malaria mara ya pili. Na mgonjwa anayeanza kutetemeka muda mfupi baada ya serumu kufunguliwa au kateta kusukumiwa dawa, serumu isimamishwe papo hapo. Dalili hiyo huenda inaonyesha kwamba bakteria wako ndani ya mrija au ndani ya maji.

Kwa nini basi tusimpe antibiotiki tu, kateta ikabaki? Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mkitia mkono ndani ya bidoni ya maji iliyotumika muda mrefu bila kusuguliwa, mnagusa utelezi. Utelezi huo ni bakteria walioshikamana ukutani, wakajifunika kwa ute waliotengeneza wenyewe. Ndani ya kateta wanafanya vilevile. Mara plastiki inapoingia mshipani, damu inaipaka protini zake, na bakteria wanajishikiza kwenye protini hizo. Ndani ya siku moja wanaweza kuwa tayari wamejenga tabaka. Walio chini ya tabaka hilo wanakua polepole, na dawa nyingi huua bakteria wanaokua haraka. Chembe nyeupe za damu nazo hushindwa kuwameza. Kiasi cha antibiotiki kinachowaua bakteria wanaoogelea peke yao huenda kikahitaji kuongezwa mara mia, hata mara elfu, ili kuwaua wakiwa ndani ya ute. Hakuna mwili unaohimili kipimo hicho. Homa inashuka kwa siku mbili, kisha vipande vya tabaka vinamomonyoka, vinaingia kwenye damu, na homa inarudi. Kwa hiyo kateta inayoshukiwa hutolewa kwanza, dawa inafuata.

Uwezo wa kitu kigeni mwilini ulipimwa zamani. Mwaka 1957, Uingereza, Elek na Conen waliwachoma watu waliojitolea bakteria aina ya Staphylococcus chini ya ngozi. Ilihitajika bakteria zaidi ya milioni moja ili usaha utoke. Walipoweka pamoja nao uzi wa hariri wa kushonea, mamia machache tu yalitosha. Wauguzi, kila mnapoacha uzi, mrija au chuma ndani ya mwili, kumbukeni hesabu hiyo.

Kwa upande wetu wa Afrika, ushahidi mzito umetoka Kilifi, pwani ya Kenya, ambako damu ya watoto wanaolazwa imekuwa ikipimwa bakteria kwa miaka mingi. Katika jarida la Lancet, mwaka 2011, watafiti wa pale walitoa hesabu ya watoto walioingiwa na bakteria kwenye damu baada ya kulazwa, yaani wakiwa tayari mikononi mwa hospitali. Kati ya watoto zaidi ya 33,000 waliolazwa tangu 2002 hadi 2009, walikuwa karibu 6 kwa kila 1,000. Idadi hiyo inaonekana ndogo mpaka uone walivyofariki: 53 katika kila 100. Wale waliokuja na bakteria kutoka nyumbani walifariki 24 katika kila 100. Si wote walioingiliwa kupitia kateta, lakini majina ya bakteria waliopatikana ni yaleyale ya mikono na vyombo vya hospitali: Klebsiella, Acinetobacter, Pseudomonas, Staphylococcus aureus. Na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wenye utapiamlo mkali, na kwa watoto waliotiwa damu ilhali upungufu wao wa damu haukuwa mkali. Hilo la pili linanigusa sana. Huenda baadhi yao walifunguliwa mshipa pasipo ulazima.

Nchini kwetu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibiomedikali ya Kinshasa, INRB, imekuwa ikipima damu za wagonjwa wa mikoa mbalimbali ikishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Kwa watoto, anayeongoza ni Salmonella asiye wa taifodi, anayepitia tumboni na kuwashambulia hasa wenye malaria na upungufu wa damu. Huyo si mgeni wa kateta, ila anatukumbusha kwamba mtoto anapofika kwetu akiwa na homa, huenda tayari ana mzigo wa bakteria. Tusimwongezee wa pili.

Jina la Antwerp wazee wa hapa wanalifahamu. Miaka ya 1970 taasisi hiyohiyo iliendesha Mradi wa Kasongo: vituo vya afya vijijini, vikizungukia hospitali moja ya rufaa, kila kimoja na kazi yake. Mawazo yaliyojaribiwa hapa yalisaidia kuunda zoni za afya ambazo nchi nzima inazifuata hadi leo. Timu ya Kasongo ilipenda kuhesabu. Mwezi wa Aprili 1981 Lancet ilichapisha kazi yao juu ya chanjo ya surua: chanjo iliwakinga watoto katika umri ambao surua huua zaidi, lakini baadaye tofauti ya uhai kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa ikapungua. Wataalamu walibishana sana juu ya maana yake, na utafiti wa baadaye mahali pengine ulithibitisha kwamba chanjo hiyo inaokoa watoto wengi mno. Mimi nathamini swali walilothubutu kuliuliza wakiwa hapa hapa Kasongo: huyu tuliyemwokoa na ugonjwa mmoja, baadaye amekufa kwa nini? Swali hilo sharti liulizwe leo kando ya kila kitanda chenye serumu.

Na hapa nazungumza na familia kuliko na wauguzi. Huku kwetu mgonjwa aliyelazwa bila serumu huonekana kama hajatibiwa. Baba ameuza mbuzi, mama ameuza mpunga, wamembeba mgonjwa kwa pikipiki kutoka ndani ya Lusangi au Saramabila. Wakimkuta amepewa vidonge wanalalamika, na muuguzi asiyetaka maneno anatundika chupa. Jamani, chupa ya nusu lita ya glukozi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Sahani ya wali kwa maharage inampa mgonjwa nguvu kuliko chupa hiyo. Anayeweza kumeza, anywe. Anayeharisha na bado anaweza kunywa, apewe maji ya SRO, yaani ya chumvi za kurudisha maji mwilini, taratibu, kijiko kwa kijiko.

Tena serumu yenyewe ina hatari yake. Utafiti ulioitwa FEAST, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, uliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Baadhi walimwagiwa maji mengi haraka mshipani, wengine hawakumwagiwa. Madaktari wengi walitarajia wa kwanza ndio watakaopona. Matokeo yalitoka mwaka 2011: ndani ya saa 48 walifariki zaidi ya 10 katika kila 100 ya waliomwagiwa maji, na 7 katika kila 100 ya wasiomwagiwa. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwamo katika utafiti huo, kwa hiyo muuguzi asiutumie kuwanyima maji waliokaukiwa. Lakini ile imani kwamba serumu haiwezi kumdhuru mtu imekufa tangu siku hiyo.

Kuna badiliko lingine ambalo bado hatujalitumia lote. Zamani malaria kali ilitibiwa kwa kinini, ambayo ilibidi iingie polepole ndani ya glukozi, saa nne, mara tatu kwa siku, siku baada ya siku. Kateta haikuwa na namna ya kutoka. Mwaka 2010 utafiti wa AQUAMAT, wenye watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, yetu ikiwemo, ulionyesha kwamba artesuneti inapunguza vifo kutoka karibu 11 hadi 8.5 katika kila 100. Artesuneti husukumwa kwa dakika chache, au huchomwa kwenye nyama ya paja: mara ya kwanza mtoto anapofika, tena baada ya saa 12, tena baada ya saa 24. Baada ya hapo, mtoto anayeweza kumeza anaendelea na vidonge. Maana yake ni kwamba mtoto wa malaria kali aliyezinduka, anayenyonya au kula, asiye na kazi nyingine ya mshipani, anaweza kuachana na kateta siku ya pili. Nikipita kwenye wodi nikamkuta mtoto wa namna hiyo anacheza kitandani, kateta bado iko mkononi siku ya nne, roho inaniuma, kwa sababu sehemu ngumu ya kazi tumekwisha kuimaliza.

Sondi, yaani mrija wa kutoa mkojo, inafuata sheria hiyohiyo. Kila siku sondi inapokaa kibofuni, wagonjwa kati ya 3 na 7 katika kila 100 wanapata bakteria kwenye mkojo. Ikikaa mwezi mzima, karibu wote wanao. Wengi wao hawaugui. Kwa wachache, bakteria wanapanda kwenye figo na kutoka hapo kwenye damu. Mfuko wa mkojo usiwekwe kitandani wala kuinuliwa juu ya mgonjwa anapohamishwa, maana mkojo uliokaa unarudi kibofuni pamoja na walio ndani yake. Usilazwe sakafuni pia.

Akina mama ndio wanaokaa na sondi muda mrefu, hasa waliofanyiwa upasuaji wa fistula baada ya uchungu uliokwama. Kwa miaka mingi walikaa nayo majuma mawili. Mwaka 2015 Lancet ilichapisha utafiti wa hospitali za nchi nane za Afrika, Kongo ikiwemo, uliowalinganisha wanawake wenye fistula nyepesi walioondolewa sondi siku ya 7 na walioondolewa siku ya 14. Mshono ulifumuka kwa 4 katika kila 100 upande mmoja, 3 katika kila 100 upande wa pili, tofauti isiyo na uzito. Siku saba za kulala na mrija zimeondolewa, kwa wale ambao fistula yao ni ya kawaida. Nakumbuka tena timu ya Kasongo, iliyochapisha mwaka 1984 uchunguzi wake juu ya dalili rahisi ambazo wasaidizi wa vituo vya afya wangeweza kuzitumia kumtambua mjamzito ambaye mtoto hatapita. Mama aliyetambuliwa mapema na kufikishwa hospitali hapati fistula, na sondi ya majuma mawili haihitaji kabisa.

Kuhusu vyuma nitasema kwa ufupi. Ajali za pikipiki zimetuletea watu wenye sahani za chuma na misumari ndani ya mifupa, waliopasuliwa Bukavu, Lubumbashi au ng'ambo ya ziwa. Chuma hakina mishipa ya damu. Bakteria wakishajenga tabaka lao juu yake, dawa haiwafikii vizuri, na mara nyingi chuma hutolewa. Mwenye chuma mguuni akiona kidonda kimefunguka na kutoa majimaji, hata kama miezi imepita, arudi kwa daktari akiwa na karatasi zake. Kuchomwa sindano dukani kunaficha homa tu, na mfupa unaendelea kuoza.

Sasa mikono, na vyombo inavyovishika. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, wauguzi walipewa kila asubuhi sindano tano za kuwachoma wagonjwa wa siku nzima, wa nje, wa wodini na wajawazito. Ebola ilipoingia humo, watu 318 waliugua na 280 wakafariki. Hatuwezi kusema hatukuonywa.

Shirika la Afya Duniani limetoa namna ya kutengeneza dawa ya mikono ambayo famasia ya hospitali inaweza kuiandaa yenyewe. Kwa lita 10: mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini ya asilimia 98, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kujaza lita 10, inakaa saa 72 kabla ya kutumika. Lutuku, pombe yetu ya kienyeji, haiwezi kuchukua nafasi ya ethanoli hiyo, maana nguvu yake haijulikani. Kabla ya kuchoma mshipa, ngozi ipakwe dawa na iachwe ikauke yenyewe; kuipuliza kwa mdomo ni kuirudishia bakteria. Tarehe na saa viandikwe juu ya plasta.

Peter Pronovost na wenzake walijaribu mambo ya namna hiyo katika vyumba zaidi ya 100 vya wagonjwa mahututi, jimbo la Michigan, Marekani, kwa kateta kubwa za kifuani na shingoni: kunawa, kujifunika vizuri, kusafisha ngozi, kuepuka mshipa wa kinena, na kutoa kateta isiyo na kazi. Matokeo yao ya 2006 yalionyesha maambukizi yamepungua kwa theluthi mbili, na kubaki chini kwa miezi 18. Wana vifaa ambavyo sisi hatuna, ni kweli. Lakini hatua ya mwisho kati ya zile tano haikuhitaji kifaa hata kimoja, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake juu ya kateta ndogo za mkononi, limesisitiza jambo hilohilo.

Mama unayemuuguza mwanao, una haki ya kuuliza kila asubuhi, kwa heshima: "Daktari, kateta hii bado ina kazi?" Na wewe muuguzi, mama akikuuliza, usikasirike. Mjibu kwa kutaja kazi yenyewe. Ukikosa kazi ya kuitaja, lete pamba.

Ninaloliomba kwa wakuu wa wodi za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila ni daftari moja. Kila asubuhi saa moja, muuguzi anayepokea zamu ahesabu wagonjwa wenye kateta na wenye sondi, aandike idadi. Kando yake aandike ni wangapi wamepata homa mpya baada ya siku mbili za kulazwa, na wangapi mkono umevimba au kutoa usaha. Idadi za kila asubuhi zijumlishwe hadi zifike 1,000, ndipo tuhesabu ni homa ngapi zimetokea ndani yake. Mkutano wa zoni ukikaa, daftari zifunguliwe mezani, tuone ni wodi gani inayoacha mirija muda mrefu kuliko nyingine, na wauguzi wa wodi yenye homa chache wawaeleze wenzao wanavyofanya.